Maziwa ya Majana

Jina la Tulia hakupewa siku ya kuzaliwa. Lilimshika lenyewe, kwa kuwa utoto wake wote ndilo neno aliloambiwa na mama yake kuliko mengine yote. Tulia mezani, tulia kitandani, tulia mwalimu asikuone. Alipokuwa mtu mzima mwenye mke na ndevu, watu walikuwa wameshasahau jina lake la shuleni, na yeye mwenyewe alikuwa bado hajatulia. Aliwahi kuendesha lori, akaacha. Aliwahi kuuza vipuri vya baiskeli, akaacha. Kazi pekee aliyodumu nayo ni ya nyuki, na mke wake alikuwa na maelezo yake kuhusu hilo.

"Wamekutana wasiojua kukaa kitako," alisema.

Mizinga ilikuwa kwenye shamba la alizeti la Mjomba, kaka wa mama yake, pembeni mwa mfereji wa maji. Mjomba ndiye aliyemlea Tulia na dada yake baada ya mama kufariki. Aliwalisha, akawavisha, akawasomesha, na Tulia alipotafuta mahali pa kuweka mizinga hakumuuliza maswali. Alimwonyesha ukingo wenye miti ya kivuli, akasema, "Weka hapa. Nyuki wako watanifanyia kazi bure." Na kweli waliifanya. Misimu ilipita, vichwa vya alizeti vikijaa mbegu na ndoo za Tulia zikijaa asali.

Kisha ukaja msimu ambao mambo yaliharibika huku kila kitu kikionekana kizima.

Asubuhi hiyo Tulia aliwasha bomba la moshi la kutulizia nyuki, akafunua mzinga wa kwanza, akatoa sega la katikati. Hapo ndipo nyuki hulelea majana, yale mabuu meupe yaliyojikunja kila moja ndani ya kitundu chake. Sega la namna hiyo huwa limejaa kama ukuta uliojengwa na fundi mzuri. Hili lilikuwa na mapengo kama mdomo wa mzee. Majana wengine walikuwa wamelegea vitunduni, weupe wao umegeuka rangi ya mshumaa uliokaa kabatini miaka. Lakini nyuki wakubwa walikuwa wazima kabisa. Walitoka, walirudi na chavua miguuni, walimzomea kwa mabawa yao kama kawaida. Chini ya mzinga hapakuwa na maiti hata mmoja. Malkia alikuwepo, tumbo limejaa, anataga.

Alifunua wa pili, wa tatu, yote hadi ya mwisho. Hali ilikuwa ile ile.

Afisa wa nyuki alikuja na pikipiki yake. Alinusa masega, akachokoa majana wawili watatu kwa njiti ya kiberiti, akatikisa kichwa. Ugonjwa anaoujua yeye una harufu, huu hauna. "Badilisha malkia," alisema, akavaa kofia yake ngumu, akaondoka. Tulia alibadilisha. Majana wa malkia wapya nao wakalegea.

Hapo ndipo alipopotewa na raha. Alikuwa akiifunua mizinga kila siku, siku nyingine asubuhi na jioni, kana kwamba majana wangemwonea haya na kupona. Nyumbani alizunguka sebuleni kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Alianza kula amesimama. Mke wake, ambaye alikuwa fundi wa kushona nguo na alifanyia kazi yake karibu na dirisha, ilibidi ahamishe cherehani kwa sababu kivuli cha mumewe kilipita juu ya kitambaa kila alipotaka kuingiza uzi.

"Mume wangu," alimwambia siku moja, "mtu akiwa ananyonyesha halafu wewe unamfungulia mlango kila saa kumchungulia, maziwa yatatoka?"

"Nyuki hawanyonyeshi."

"Basi kaa."

Hakukaa. Alifunga kipande cha sega ndani ya kitambaa, akapanda basi kwenda mjini kwa dada yake.

Dada alikuwa mkubwa wake kwa miaka michache, na kazini kwake waliomwita Daktari hawakuwahi kumwona akimtibu mtu. Alifanya kazi kwenye maabara ya ghorofa ya tatu, kwenye korido yenye harufu ya spiriti. Tulia alimkuta nje ya mlango, amevaa koti jeupe, anatafuna karanga kwa haraka kwa sababu ndani ilikuwa marufuku kula. Alilipokea sega, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akaacha kutafuna.

"Wakubwa hawafi?"

"Hawafi."

"Na walezi wanawalisha hawa?"

"Wanawalisha. Maziwa yanaonekana vitunduni. Wanakula, halafu wanalegea."

Dada alikunja mfuko wa karanga. "Unajua msuli wako unapokeaje amri?"

"Kutoka kwa ubongo."

"Ubongo hauna mkono wa kuugusa msuli. Neva ikifika mwisho wake inatoa tone la kemikali, msuli ukilionja unajikunja. Kemikali hiyo inaitwa asetilikolini. Hayo yamo kwenye vitabu vya shule. Mimi nalipwa mshahara kwa ajili ya sehemu ya pili, ambayo haimo." Alimshika mkono, akaugeuza, akagusa kovu la zamani kwenye kidole gumba. "Seli za ngozi zinaitengeneza zenyewe, bila kutumwa na neva yoyote. Zinaitumia kuambizana: wewe sogea, wewe shikamana na mwenzako, wewe gawanyika. Ndiyo moja ya njia kidonda kinavyojifunga. Kondo la nyuma la mama mjamzito halina hata uzi mmoja wa neva, lakini asetilikolini imejaa. Mimea inayo, na haina ubongo. Hata bakteria wanayo."

"Na nyuki?"

"Nyuki ndio kiboko yao. Nyuki walezi wanaitia kwenye maziwa ya majana. Inatoka kwenye tezi za kichwani mwao, tena kwa wingi ambao niliposoma mara ya kwanza nilidhani mwandishi amekosea kuweka nukta. Na maziwa yenyewe ni makali, yana uchachu, kwa hiyo haiharibiki. Waliojaribu kuwalea majana kwa chakula kisicho nayo waliona wengi wanakufa kabla hawajawa nyuki."

"Kwa hiyo ni kama chumvi kwenye mchuzi."

"Bila chumvi utakula umekunja uso, lakini utakula na utakua. Hawa hawakui."

Tulia alikuwa ameanza kutembea koridoni, hatua chache huku, hatua chache kule. Dada alimwangalia akizunguka, kisha akauliza polepole, "Mjomba anapanda mbegu gani siku hizi?"

"Zilizopakwa dawa. Zina rangi ya waridi. Huu ni msimu wa pili."

Dada aliliinua tena lile sega kwenye mwanga. Kisha alimweleza kwamba dawa za jamaa hiyo humuua mdudu kwa kujifanya asetilikolini, kama ufunguo bandia unaoingia kwenye kufuli ukakwama humo. Kiasi kikubwa kinaua. Kiasi kidogo, kile kinachopanda na mmea mpaka kwenye chavua, hakimuui nyuki mkubwa, lakini kuna watafiti walioona tezi za walezi zikipunguza kile zinachotia kwenye maziwa.

"Basi ni yeye," Tulia alisema.

"Sijasema hivyo."

"Umesema."

"Tulia," alisema Dada, na yeye hakujua kama ameitwa au ameamrishwa.

Walikubaliana hivi. Tulia atamletea Dada maziwa ya majana kutoka kwenye mizinga yake, na mengine kutoka kwa shemeji yake, dada wa mke wake, aliyekuwa na mizinga ng'ambo ya mto ambako watu walilima mboga na hakuna aliyenunua mbegu zile za rangi ya waridi. Dada atapima. Na mpaka atakapomaliza, Mjomba asiambiwe neno.

"Niahidi," alisema Dada.

Aliahidi.

Alirudi na sanduku la barafu, vichupa vidogo vyenye tone la asidi ndani yake, na mirija ya kioo myembamba kama sindano. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: mnyanyue jana mmoja bila kumtoboa, kisha fyonza tone lililo chini yake. Tulia aliliweka sega kwenye meza ya kushonea akaanza. Wa kwanza alimtoboa. Wa pili alimwaga maziwa yake. Wa tatu alikuwa anaendelea vizuri mpaka goti lake, ambalo lilikuwa linatikisika lenyewe chini ya meza, lilipoigonga meza na kila kitu kikaruka.

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, kichwa chote kimefunikwa mtandio. Nyuki aliwaogopa tangu utotoni, na miaka yote ya ndoa hakuwahi kuusogelea mzinga.

"Toka hapo," alisema. "Nipe."

"Utaogopa."

"Hawa hawana miiba. Naogopa wenye miiba."

Aliketi, akaweka mtandio mabegani, akashusha pumzi kama anayejiandaa kutunga uzi. Mrija uliingia, jana akanyanyuka, tone likapanda ndani ya kioo. Akaenda kitundu kingine, na kingine. Tulia alisimama nyuma yake akimpumulia shingoni, mpaka alipoambiwa akasimame uani.

Siku Dada alipopiga simu, Tulia alikuwa juu ya paa akigongomea bati ambalo halikuwa limelegea.

"Asetilikolini ya kwako ni pungufu," alisema Dada. "Ya shemeji yako ni karibu mara tatu ya kwako."

"Mara tatu."

"Nisikilize kwanza. Ni mizinga michache, na tumechukua mara moja tu. Hiki ni kidokezo, si hukumu. Sasa nataka kuwalea majana hapa maabara kwenye visahani. Nusu watakula maziwa kutoka kwako kama yalivyo, nusu nitawaongezea asetilikolini ile iliyopungua, tuone. Nikimaliza nitakwenda mwenyewe kwa Mjomba. Nitamwomba kipande kimoja cha shamba apande mbegu zisizo na dawa, tulinganishe. Nikimwomba mimi hatakataa."

"Itachukua muda gani?"

"Utakaochukua."

Tulia alishuka ngazi. Alisugua bomba la moshi mpaka likang'aa. Alinyoosha uzio uliokuwa umenyooka. Aliwaza alizeti za Mjomba: zilipandwa kwa zamu, kipande baada ya kipande, za mwanzo zilikuwa zimeshachanua na zile nyingi zilikuwa bado hazijafunguka. Zikifunguka zote, nyuki wake watakula nini kama si hicho hicho? Kesho yake hadi mchana alijizuia. Mchana ulipopita, miguu yake ilikuwa imeshafika kwenye mfereji.

Mjomba alikuwa uani, ametandaza gunia, juu yake vipande vya pampu ya maji aliyokuwa ameifungua.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umefika wakati mzuri, nishikie hii."

Akampa bolti yenye grisi. Tulia aliishika.

"Mjomba, mbegu zako zinaua nyuki wangu."

Mjomba hakuinua kichwa. "Wamekufa wangapi?"

"Hawajafa."

"Hawajafa."

"Wakubwa hawajafa. Watoto ndio wanakufa. Maziwa wanayolishwa yamepungukiwa kitu."

"Kitu gani?"

"Asetilikolini. Ni ile ya neva. Ila hii si ya neva. Yaani neva wanazo, lakini hii haipiti huko, hii inatoka kichwani na kuingia kwenye maziwa, na inawakuza." Alijisikia anavyozungumza, jasho likamtoka. Koridoni kwa Dada maneno haya yalikuwa yamenyooka kama rula.

Mjomba alipuliza vumbi kutoka kwenye chuma alichokuwa nacho. "Kwa hiyo nyuki wako wanaruka, wanakula maua yangu, wanakunywa maji ya mfereji wangu, na kilichopungua ni kitu ambacho wewe mwenyewe hujui kinapita wapi."

"Dada amepima."

Mjomba akaweka spana chini. "Dada yako amepima vitu vya shambani kwangu, na mimi sina habari?"

Tulia aliona kosa lake, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Mimi sikusoma kama ninyi," alisema Mjomba, sauti yake haijapanda. "Ninachokijua ni kwamba kabla ya mbegu hizi funza walikuwa wanakata miche yangu ikiwa na majani mawili. Nilikuwa napanda, narudia, narudia tena. Miaka ile nilikuwa narudia kupanda huku nawalipia ninyi shule. Hamkujua, kwa sababu sikuwaambia. Sasa nimepata mbegu ambayo napanda mara moja, unaniambia niiache kwa sababu ya kitu kisichoonekana."

Maneno haya yalikuwa ya haki, na labda ndiyo maana yalimpandisha Tulia hasira. Alisema jambo ambalo hata yeye hakuwa amelipanga.

"Kwa hiyo ulitulea ili uje utumalize mwenyewe."

Kuku alipita katikati yao. Mjomba alinyoosha mkono, akaichukua ile bolti kutoka kwenye vidole vya Tulia, akaifuta kwa kitambaa.

"Toa mizinga yako kwenye shamba langu," alisema. "Wiki hii isiishe."

Mke wake aliposimuliwa aliacha kushona. "Umemwambia hivyo Mjomba? Kwa mdomo huo huo ninaoulisha?" Hakumsemesha tena mpaka kesho yake. Dada naye alipiga simu. Mjomba alikuwa ameshampigia, akamuuliza kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake, tangu lini watoto wa dada yake wanampeleleza.

"Nilikuomba kitu kimoja," Dada alimwambia Tulia. "Kimoja tu, ufunge mdomo. Sikukuomba ubebe jiwe."

"Nilishindwa kusubiri."

"Najua ulishindwa. Kila mtu anajua."

Mizinga ilihamishwa jua lilipokuwa linazama, nyuki wakiwa wamesharudi ndani, kwa lori la dereva mmoja aliyewahi kufanya kazi na Tulia. Walivuka mto polepole, milango ya mizinga imezibwa kwa vitambaa alivyovikata mke wake. Kwenye kona mbaya kizibo kimoja kilichomoka, dereva akachomwa sikioni, na njia yote iliyobaki aliendesha akiwa amejifunga shati kichwani, akimweleza Tulia kwa utaratibu ni kwa nini waliachana kazini.

Shemeji aliwapokea na taa ya mkono, akawaonyesha mteremko nyuma ya bustani yake ya mboga. Kwa simu Dada alitoa masharti mawili. La kwanza, masega yote yenye chavua ya zamani yatolewe. La pili, baada ya hapo mizinga isifunuliwe mpaka aseme yeye.

La kwanza Tulia alilimaliza siku moja. La pili lilikaribia kumtia wazimu. Alikuwa akisimama mbele ya mizinga akihesabu nyuki wanaoingia, akijaribu kusoma kilichomo ndani kwa namna wanavyotua. Akishindwa, alitafuta kazi. Alimchimbia shemeji mtaro. Alimpakia chokaa ukuta wa jiko. Alimjengea kibanda cha kuku, na shemeji hakuwa na kuku.

"Shemeji," alisema yule mwanamke akikitazama kibanda, "ungekuja na wasiwasi huu miaka kumi iliyopita, leo ningekuwa na ghorofa."

Dada alimwita maabara kabla hajamruhusu kufunua mizinga. Alimpeleka mbele ya kabati la joto lenye mlango wa kioo. Ndani kulikuwa na visahani vyenye vitundu, na ndani ya vitundu majana wakielea juu ya chakula chao. Upande wa kushoto, waliokula maziwa kama yalivyo, wengi walikuwa wamesinyaa. Upande wa kulia, walioongezewa, wengi walikuwa wameviringika, weupe, wanene. Wachache kulia walikuwa wamekufa pia, na wachache kushoto walikuwa hai.

"Si wote," alisema Dada, "lakini tofauti ipo, na nimeirudia mara ya pili ikatoka vile vile. Hawa wa kulia sikuwaongezea chakula. Niliwaongezea ule ujumbe tu."

Tulia aligonga kioo kwa kidole, akagonga tena, mpaka Dada akauondoa mkono wake.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi kwa njia ya hovyo. Na kuna jingine. Jana aliyepungukiwa anahitaji joto la mzinga kuliko mwenzake. Wewe ulikuwa unawafungulia upepo asubuhi na jioni. Mbegu ziliwadhoofisha, ukaja wewe ukawamalizia."

Hakumwambia kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma. Tulia alikumbuka mizinga miwili aliyokuwa akiifunua zaidi ya yote kwa sababu ilikuwa karibu na njia. Ndiyo iliyokuwa mibaya kuliko yote. Aliteremka ngazi za ghorofa tatu, akafika chini, akapanda tena kwa sababu alikuwa amesahau kuaga.

Mizinga ilipofunguliwa hatimaye, hali haikuwa ya kushangilia wala ya kulia. Minne ilikuwa imekwisha. Mingine ilikuwa na masega ambayo mapengo yake yalikuwa yanazibika, majana wachanga wakimetameta katikati ya maziwa. Mke wake alikuja siku hiyo, mtandio kichwani, akasimama hatua moja karibu kuliko alivyowahi kusimama, akaomba mrija. Dada aliyapima maziwa hayo wiki hiyo hiyo. Yalikuwa hayajayafikia ya shemeji, lakini yalikuwa yamepanda.

Habari za Mjomba zilikuja kwa yule dereva wa lori, ambaye sikio lake lilikuwa limeshapona. Alisema alizeti za Mjomba zimesimama vizuri, ndefu, majani mabichi, hakuna funza. Tatizo ni vichwa. Ukivipura vinatoa maganda.

Tulia alikwenda kesho yake, safari hii baada ya kumwambia Dada kwanza. Alimkuta Mjomba katikati ya shamba, akivunja kichwa cha alizeti kwa mikono yake miwili. Pembezoni mbegu zilikuwepo. Katikati, sehemu kubwa kama sahani ilikuwa mapepe matupu.

"Nilidhani ni jua," alisema Mjomba bila kumgeukia. "Halafu nikatembea shambani asubuhi, nikasikia kimya. Sijawahi kusikia shamba langu likinyamaza."

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba."

Walivunja vichwa vingine, kila mmoja kwenye mstari wake. Vyote vilikuwa sawa.

"Lile neno nililosema," alianza Tulia.

"Nililisikia."

"Nisamehe."

Mjomba alitupa kichwa kitupu chini. "Chakula hakinishuki vizuri tangu siku ile," alisema. "Nimekosa mtu wa kumgombeza, nimeigombeza pampu." Akajifuta viganja kwenye suruali. "Warudishe nyuki."

Hapo ndipo Tulia alipopata shida ambayo hakuitarajia. Alikuwa amekuja tayari kuombwa, na angependa kusema ndiyo. "Siwezi sasa," alisema. "Dada anasema dawa inabaki udongoni hata ukiacha kupanda zile mbegu. Nikiwaleta leo, majana watakufa tena."

"Mpaka lini?"

"Misimu kadhaa. Hajui. Anasema njia ya kujua ni kupanda kipande bila dawa na kuendelea kupima, chavua ya hapa na maziwa ya kule."

"Na funza?"

Tulia alifikiri. Alitazama mistari ya alizeti, akatazama viatu vyake. "Funza sijui," alisema.

Mjomba aliguna. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtoto huyo kumjibu kwamba hajui.

Dada alikuja mwisho wa wiki, akakaa na Mjomba uani mchana kutwa. Alimweleza habari ya asetilikolini tangu mwanzo: msuli, ngozi, kondo, mimea, mpaka tone lililo chini ya jana. Mjomba alimsikiliza na kumuuliza maswali magumu, mengine Dada akashindwa kuyajibu. Mwisho alikubali kutenga kipande cha upande wa mfereji, apande mbegu zisizopakwa dawa. Kuomba radhi hakuomba, na Dada hakumdai.

Msimu uliofuata funza waliingia kwenye kipande hicho kama walioalikwa. Walikata karibu robo ya miche. Mjomba alirudia kupanda, akampigia Dada simu kila siku kumhesabia hasara, na kila siku Dada alipokea. Wanatafuta pamoja namna ya kuwazuia, na hadi sasa hakuna waliyoipata inayomridhisha Mjomba. Mke wa Tulia ana mzinga wake mwenyewe, na mirija ya kioo inakaa kwenye kopo moja na sindano zake.

Mizinga bado iko ng'ambo ya mto. Kila wiki Tulia anavuka kumpelekea Mjomba chupa ya asali. Mjomba anaionja kwa ncha ya kidole, anauliza kipimo kimefika wapi, anaambiwa bado. Kisha wanakwenda wote kukagua miche, mmoja akitangulia, mwingine akifuata, hakuna anayemsubiri mwenzake.